Ngolo za Tambarare

Placidi Kapinga hajawahi kuchimba ngolo hata moja maishani mwake, na jambo hilo mkewe Vitalia analijua kuliko anavyoijua Baba Yetu. Kwa Wamatengo wa Namswea kazi hiyo iligawanywa tangu enzi za mababu. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatizana, mpaka mlima mzima unaonekana umechorwa vyumba vidogo vidogo, halafu anakwenda zake kukaa. Mwanamke ndiye anayeingia na jembe ndani ya kila chumba. Anatawanya mbegu juu ya majani, anachimba udongo wa katikati na kuufukia juu yake pande zote nne, mpaka linabaki shimo lenye kingo nene. Hiyo ndiyo ngolo. Mvua ikishuka mlimani shimo linaidaka, udongo hauondoki, na maharage yanaota kwenye kingo. Vitalia alianza kuchimba akiwa na miaka kumi na miwili. Leo ana arobaini na nne, na kiuno chake kinamkumbusha kila asubuhi.

Lakini msikilize Placidi. "Sisi Wamatengo ndio tunaochimba ngolo. Dunia nzima hakuna." Mtaalamu akitokea mjini kuja kupiga picha, anayesimama mbele ya kamera ni Placidi, kifua mbele, amelishika jembe la mkewe kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake fimbo. Vitalia alikuwa amezoea. Mwanamume wa namna hiyo akiwa kijijini kwake hana madhara, maana kila mtu anamjua na kila mtu anampuuza. Shida ilianza pale alipovuka mpaka.

Walivuka mwezi wa Januari. Mlima wa marehemu baba yake Placidi ulikuwa umegawanywa kwa ndugu watano, na kipande chao kilikuwa chembamba kiasi kwamba Vitalia alikimaliza kwa siku nne. Placidi, ambaye alikuwa anashinda Kitai kwenye stendi akisubiri kazi ya kupakia mizigo, akasikia huko kwamba Msumbiji ardhi ni ya bure, mtu anaonyeshwa tu na kuambiwa lima. Wakamwacha mtoto wao Steven kwa shangazi yake Gaudiosa, wakateremka ziwani, wakapita Chiwanda, wakavuka mpaka na kufuata ufuko hadi kijiji cha Chikanje. Vitalia alibeba debe zima la maharage ya mbegu. Yalikuwa maharage aliyoyachagua mwenyewe, moja moja, akitupa yaliyokunjamana. Alikuwa ameapa kwamba hata njaa ikiwabana vipi hayataingia chunguni, kwa sababu yale yakipotea hawana mbegu, hawana chakula cha mwaka, na hawana cha kurudi nacho nyumbani.

Placidi yeye alibeba bendera ndogo ya taifa, ya kufunga kwenye baiskeli. Baiskeli hawakuwa nayo.

Siku ya kwanza tu alishajua kila kitu kuhusu Wamsumbiji. Kwanza hawana adabu, alisema, kwa sababu alimpa mzee mmoja shikamoo na mzee hakuitikia marahaba, akampigia makofi. Kule ufukweni heshima ni kukunja magoti kidogo na kupiga makofi taratibu, viganja vimeinama. Placidi akaona anashangiliwa. Mzee naye akaenda kuwaambia wenzake kwamba amekuja Mswahili mmoja asiyejua kusalimia, amesimama wima kama nguzo. Kwa hiyo kila upande ulilala ukiamini kwamba adabu iko kwake peke yake.

Na lile jina la Mswahili lilimpendeza mno. Nyumbani, mtu wa Dar es Salaam akimsikia Placidi anavyokitamka Kiswahili angemcheka mpaka ashike mbavu. Hapa ameitwa Mswahili! Akaanza kuongea kwa kuvuta maneno, akisema "bwana wee" kila baada ya sentensi mbili, na kuwasahihisha watu lugha ambayo yeye mwenyewe aliijulia darasani kwa viboko.

Tena kuna lile la bondia. Watu wa kule asubuhi wanasalimiana kwa Kireno, na salamu yenyewe kwa sikio la Mmatengo inasikika "bondia", bila kupunguza wala kuongeza. Placidi akiwa amevaa jezi yake ya Taifa Stars, mikono ikiwa wazi, kila anayepishana naye anamwambia bondia. Akarudi nyumbani amevimba.

"Mama Steven, umesikia wanavyoniita? Mtu mwenyewe hawajaniona hata nikigombana. Wamenitazama tu wakajua."

Vitalia alishaambiwa maana yake na jirani yao Beata kisimani, ila aliona hakuna haja ya kumnyima mumewe furaha isiyogharimu chochote. Kwa wiki mbili Placidi alitembea kijijini na mabega yametanuka, akiwaitikia wanawake na watoto wa shule kwa kukunja ngumi. Alipokuja kujua ukweli alisema Kireno ni lugha ya kijinga.

Beata alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye mdomo mwepesi. Wiki za mwanzo alikuwa anawafungia kuku wake ndani mchana kweupe. Baadaye, walipokwisha kuzoeana, alimweleza Vitalia sababu bila kupepesa macho.

"Dada, sisi tunajua Watanzania wanaiba kuku."

"Na mimi kule Chiwanda niliambiwa nisile chakula cha mtu wa huku," Vitalia alimjibu. "Niliambiwa mna dawa za kumgeuza mtu mamba."

"Na ulikula?"

"Nilikula siku ileile. Nilikuwa na njaa."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Vitalia alikuwa anawadharau watu wanaosema sisi hivi na wale vile, akiwaona wote ni wa mfuko mmoja na mumewe. Nchi ni nini? Yeye alivuka mpaka bila kuuona, akaambiwa na mpita njia kwamba ameshauvuka tangu saa mbili zilizopita. Ziwa lilikuwa lilelile na usipa, wale dagaa wake, ulikuwa uleule, na hata Kinyanja alichokuwa anaongea Beata alikuwa amekisikia Chiwanda siku chache kabla.

Placidi hakuwa na mawazo ya namna hiyo. Kila alipokaa kibarazani kwa mfumu Meshack, mkuu wa kijiji, alikuwa anawakumbusha wenyeji jinsi Tanzania ilivyowakomboa. Alisema "tuliwakomboa" kwa sauti ya mtu ambaye bado mkono unamuuma. Msumbiji ilipopata uhuru Placidi alikuwa hajamaliza kunyonya. Mfumu Meshack, ambaye kaka yake mkubwa alikufa katika vita ya kuupigania uhuru huo, alimsikiliza kwa upole, akapiga makofi mawili matatu ya heshima, akauliza kama kuna mwenye ugoro.

Ilikuwa kibarazani hapohapo ndipo alipoleta balaa. Wenyeji wa Chikanje wanalima muhogo. Wanakusanya udongo kuwa tuta la mviringo, kubwa, wanachomeka vijiti vya muhogo, basi. Placidi alishayadharau matuta yale tangu siku ya kwanza.

"Mfumu, samahani nikuambie ukweli," alisema. "Huku kulima hamjui. Nipe shamba karibu na barabara, mahali watu wote wanapita. Nitawaonyesha kilimo cha Kitanzania."

Mfumu akampa. Ilikuwa tambarare kando ya barabara, hatua mia mbili kutoka ziwani, mchanga uliochanganyika na udongo mweusi kidogo. Sharti lilikuwa moja tu: msimu ukiisha bila mazao, ardhi inarudi.

Vitalia alikwenda kuitazama akapiga jembe mara moja. Akapiga mara ya pili. Chini ya mchanga, kina cha mkono mmoja tu, kukawa na unyevu, na kidogo tena chini yake maji yakachungulia. Akarudi nyumbani amekasirika.

"Baba Steven, pale ngolo haiwezekani. Mchanga haushikani, na maji yako hapo chini. Ngolo ni ya mlimani."

"Hujafika hata mwezi wa pili umeshakuwa Mmsumbiji."

"Nakuambia kitu ambacho mikono yangu inakijua."

"Unataka kuniaibisha mbele yao. Nimeshasema. Nirudi nikawaambie Tanzania imeshindwa?"

Tanzania! Vitalia alimwangalia yule Tanzania aliyeketi kwenye kigoda, amevaa jezi, anajikuna mguu, akatoka nje. Akilini mwake alikuwa ameshapanga. Nyuma ya kijiji kulikuwa na kilima, udongo mwekundu mzito, mteremko mkali, hakuna anayekigusa kwa sababu wenyeji hawalimi miteremko. Alikiona siku alipokwenda na Beata kutafuta kuni, na mikono ikaanza kumwasha. Alimwomba mfumu kipande, mfumu akamwambia achukue anachotaka, maana kwake kilima kile kilikuwa cha nyani. Kuanzia hapo, kila Placidi alipokuwa barabarani akipiga domo, Vitalia alikuwa kilimani akifyeka mwenyewe na kuyalaza majani mwenyewe, kazi zote mbili, ya mume na ya mke. Kufikia wiki ya kwanza ya Machi kilima kilikuwa tayari. Palikuwa pamebaki jembe na maharage.

Kule tambarare Placidi naye alikuwa amemaliza sehemu yake, na haki yake apewe: mistari yake ilikuwa imenyooka, vyumba vyote saizi moja. Ni kazi moja duniani anayoijua. Akatangaza siku ya onyesho. Mfumu Meshack akaja, na kijiji kizima kikaja, maana Chikanje hakuna burudani nyingi. Bendera ya baiskeli ilikuwa imefungwa kwenye mti wa muhogo wa mtu mwingine.

Placidi alihutubia kwa muda mrefu. Akaeleza kwamba Watanzania ni wachapakazi, kwamba Wamatengo ni wachapakazi kuwapita Watanzania wengine, na kwamba uvivu ni ugonjwa unaotibika. Watu walimsikiliza wakitafuna mihogo mibichi. Mwisho mfumu akasema, "Tumekusikia, Mswahili. Sasa tuonyeshe."

Placidi akageuka. "Mama Steven, shika jembe."

Vitalia alikuwa amekaa na wanawake, pembeni. Hakuinuka.

"Wewe ndiye fundi," alisema, kwa sauti iliyofika kwa kila mtu. "Jembe hilo hapo."

Hakuwa amelipanga jambo hilo, lakini lilipomtoka mdomoni aliona utamu wake. Miaka ishirini na mbili ya ndoa! Placidi alimtazama, akatazama watu, akaona hakuna mlango wa kutokea. Akalichukua jembe. Akasimama nje ya chumba cha kwanza badala ya kuingia ndani, akaanza kuvuta mchanga kutoka pembeni kuuleta katikati, akiyafunika majani anayoyakuta na kuyaacha mengine yakichungulia. Alivuta kwa nguvu, jezi ikalowa jasho. Alipojiinua na kutazama alichokifanya, katikati ya kiwanja cha kilimo cha Kitanzania kulikuwa na tuta la mviringo, kubwa, zuri kabisa.

Mzee mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, kama hilo si tuta la muhogo.

Kicheko kilichofuata kiliwaangusha watu chini. Mfumu mwenyewe alijifuta macho kwa kofia. Vitalia alicheka pamoja nao, kwa roho nyeupe, na kama angeishia hapo leo angekuwa mwanamke mwenye maharage. Kilima kilikuwa kinamsubiri, mumewe ameumbuka, hakuna tena atakayemlazimisha kufukia mbegu kwenye mchanga. Alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kuinuka, akung'ute khanga, aende zake.

Hapo ndipo Beata, aliyekaa kando yake na machozi ya kicheko mashavuni, aliposema, "Kumbe Watanzania hawajui kulima. Wanajua kusema tu."

Watu wakalipokea neno lile na kulirudia. Watanzania hawajui kulima. Mzee akamwambia mzee mwenzake. Wasichana wakalitungia wimbo palepale.

Vitalia aliacha kucheka. Hawajui kulima? Alimwona mama yake mlimani Namswea na mtoto mgongoni. Aliwaona wanawake wote wa Umatengo wameinama, mgongo kwa mgongo, kutoka bondeni hadi kileleni. Na huyu mla mihogo mibichi, mfungia kuku, anasema hawajui kulima? Watu hawa waliokaa chini ya kilima kizima cha udongo mwekundu na kuwaachia nyani? Kila neno ambalo Placidi alikuwa amelisema kuhusu Wamsumbiji, na yeye akalicheka, lilimjia kichwani na akaliona ni la kweli.

Akainuka. Akamnyang'anya Placidi jembe bila kumtazama, akaingia ndani ya chumba cha pili, akainama. Alikwenda haraka, pande nne, jembe likiimba, kingo zikinyooka kama zimepigwa kamba. Ngolo ya kwanza ikatokea, kisha ya pili, kisha ya tatu. Watu wakaacha kucheka. Mfumu Meshack akakunja magoti kidogo na kupiga makofi, viganja vimeinama, na wanaume wote wakamfuata. Tangu azaliwe Vitalia hakuwahi kupigiwa makofi na mtu kwa ajili ya kuchimba.

Hayo makofi ndiyo yaliyomaliza kazi. Alichimba siku hiyo, akachimba kesho yake, akachimba siku kumi na moja. Watu walikuwa wanakuja kumtazama. Placidi alisimama barabarani akiwaelezea wapita njia, "hapa tunachimba, hapa tunafukia," na hata hilo halikumzuia Vitalia. Maji yalikuwa yanamchungulia kutoka chini ya kila shimo na aliyaona. Mchanga ulikuwa unateleza kwenye kingo na aliushindilia kwa mkono. Akilini mwake hakuwa anamlimia Placidi wala anajilimia mwenyewe. Alikuwa analimia nchi, yeye aliyekuwa anauliza nchi ni nini. Kila chumba alikitawanyia maharage kabla ya kukichimba, na siku ya kumi na moja debe likabaki tupu, akaligonga chini kutoa ya mwisho.

Mvua ilianza Jumapili ikaendelea mpaka Jumatano. Haikuwa mvua ya ajabu, ilikuwa mvua ya Machi. Kingo zililainika, zikainama, zikaingia kwenye mashimo. Maji ya juu yakakutana na maji ya chini. Alhamisi asubuhi Vitalia alikwenda akakuta madimbwi zaidi ya mia mbili, yote ya pembe nne, yamepangwa vizuri mno, na maharage yake yanaelea, ya siku za mwisho yamevimba, ya siku za mwanzo yameshachipua na kuanza kuoza. Aliingia majini akayachota kwa viganja. Yalimpasukia mkononi. Akakaa ukingoni akalia kwa sauti, na alijua vizuri kwamba hana wa kumlilia.

Beata alikuja akakaa kando yake.

"Dada, na kule kilimani ulikuwa umeshafyeka," alisema. "Mbona hukupanda kule?"

"Ulisema hatujui kulima."

Beata alimgeukia. "Mimi? Lakini mimi nilikuwa namsema mumeo."

Maji hayakuondoka. Na kwa kuwa watu wa ziwani wanaloweka muhogo majini siku kadhaa kabla ya kuukausha na kuusaga unga, na kwa kuwa ziwani mawimbi yanauchukua, haukupita muda wanawake wa Chikanje wakagundua kwamba madimbwi yale ni malowekeo mazuri ajabu. Yana kina sawasawa, yako karibu na barabara, na kila familia inaweza kupata lake. Wakagawana bila ugomvi. Msimu ulipoisha ardhi ikarudi kwa mfumu, kama lilivyokuwa sharti, na mfumu akaiacha kama ilivyo. Mahali pale pakapata jina. Ukimwuliza mwanamke wa Chikanje anakwenda wapi na karai la muhogo kichwani, atakuambia anakwenda Tanzania.

Walirudi Namswea mwezi wa Julai, mikono mitupu, na unga wa Beata kwenye kifuko. Vitalia sasa anachimba ngolo kwenye milima ya watu kwa malipo ya mbegu, debe lake halijafika hata nusu. Placidi amerudi Kitai stendi. Ana hadithi mpya, na anaisimulia kwa kila basi linalosimama: alikwenda Msumbiji, akawafundisha kilimo, na wale watu kwa kumheshimu wakapaita mahali pale Tanzania.

Jumapili moja baada ya misa aliisimulia mbele ya parokia nzima, wanaume wakiguna kwa fahari. Padri mgeni, ambaye hakuwa anamjua Placidi, alimgeukia mkewe kwa tabasamu.

"Ni kweli hayo, mama? Wamepaita Tanzania?"

Vitalia alimtazama mumewe, ambaye kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa alikuwa anamtazama kwa hofu. Angeweza kumwumbua tena, hapohapo, na kungekuwa na utamu kuliko mara ya kwanza. Lakini padri angeuliza ni nani aliyezichimba ngolo zile kwenye maji, na ni nani aliyetia mbegu.

"Ni kweli, baba," alisema. "Wamepaita Tanzania."